Spana za Baba

Jumanne moja ya mwezi wa pili, mwaka 2022, saa nane mchana, joto la Tanga limekaa juu ya mabati, mdogo wangu aliingia dukani amevaa sweta.

Nafanya kazi duka la dawa, Makorora, na siku ile nilikuwa peke yangu kaunta. Pua ilikuwa inamchuruzika. Macho yalimtoka machozi kama mtu aliyemenya vitunguu vya shughuli nzima. Alipiga miayo mitatu mfululizo kabla hajanisalimia, ile miayo mirefu inayofanya taya lilie, na aliponyoosha mkono kupokea maji nikaona malaika yamemsimama kuanzia kiwiko mpaka kiganjani. Kwenye joto lile.

"Mafua, dada," akasema. "Na tumbo linanikata."

Nikampa vidonge vya mafua, vidonge vya kuzuia kuharisha na paketi mbili za ORS. Sikumchukulia hela. Nikamwambia akafike nyumbani mama amkorogee uji wa pilipili manga, anywe, alale. Akaniangalia kidogo, akasema, "Ahsante dada, Mungu akulipe," akatoka.

Hayakuwa mafua. Ilikuwa arosto. Ni mwili unaodai unga, yaani heroini, na kila kitu nilichokiona pale, kamasi, machozi, miayo, malaika kusimama, tumbo kukata, ni dalili zake zilizokamilika kama zimenakiliwa kitabuni. Nilikuwa nimeuza dawa miaka sita. Wiki mbili kabla yake alikuja kuomba dawa ya kulainisha choo, na wiki ile anataka ya kuzuia kuharisha. Mtu akiwa na stimu ya unga choo kinafunga, stimu ikikatika tumbo linafunguka. Alikuwa ananisomea ugonjwa wake ukurasa kwa ukurasa, mimi nafunga vidonge kwenye karatasi.

Nitamwita Sudi, si jina lake. Yeye ndiye aliyeniambia niandike. Amesoma kila aya kabla yako, na mambo mawili aliyoniomba niyatoe nimeyatoa.

Alikuwa na miaka 16, kidato cha tatu, mtoto wa mwisho. Alianza kwa kokteli. Kwa asiyejua, hiyo ni sigara iliyochanganywa bangi na unga, na vijana wengi wa kwetu wanaingilia mlango huo kwa sababu kwao bangi si habari kubwa. Anayekupa anakwambia "ina kitu kidogo ndani." Sudi alipewa bure na mwenzake wa shule, nyuma ya uwanja, wakitoka kwenye mpira. Ilikuwa bure mara ya kwanza na ya pili, na bure mara ya tatu. Anasema mara ya nne alipoambiwa alete hela, tayari alikuwa anaamka usiku mifupa inamuuma. Hakujua kwamba hiyo ndiyo arosto. Alidhani anakua.

Naomba msomaji mwenye mtoto wa umri huo asome sentensi hiyo tena.

Unga haulimwi Tanga. Asili yake ni Afghanistani, unashuka hadi pwani ya Makran, huko Irani na Pakistani, unapakiwa majahazini na kuvuka Bahari ya Hindi mpaka ufukwe wa Afrika Mashariki. Sisi tuna ufukwe mrefu, mikoko, na bandari bubu ambazo hata mtoto wa Sahare au Mwambani anaweza kukuonesha. Desemba 2023, mamlaka ya kudhibiti dawa za kulevya ilipotangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini Dar es Salaam na Iringa, watu walisherehekea, na mimi nilifurahi. Lakini nilisoma habari ile nimekaa kwenye kitanda cha Sudi, nikawa najaribu kukisia kilo moja inatoa kete ngapi. Yeye akaniambia, "Dada, usihesabu."

Sasa nirudi nyumbani, maana kilichonifanya niandike kiko nyumbani.

Baba ni fundi baiskeli. Kibanda chake kiko Ngamiani, kwenye mojawapo ya zile barabara za namba. Tanga ni mji wa baiskeli: mwalimu baiskeli, muuza samaki baiskeli, mama anayekwenda soko la Mgandini baiskeli. Kwa hiyo fundi mzuri hali chumvi tupu. Baba ana spana 12, kuanzia namba 8 mpaka 19, alizonunua ujanani kwa mfanyabiashara aliyekuwa anafunga duka. Zinakaa kwenye kitambaa cha kaki alichokishona mama, kila namba na mfuko wake, na jioni anakikunja, anakifunga kamba, anarudi nacho nyumbani. Sijawahi kumuona akiziacha kibandani hata siku moja.

Ikapotea namba 15, spana ya pedeli. Baba akasema atakuwa ameisahau kwa mteja. Baada ya siku nne ikaonekana kwenye mfuko wake. Ikapotea namba 13 na 17 kwa pamoja, nazo zikarudi. Kila mara baba anatikisa kichwa: "Uzee huu. Nasahau nilipoweka." Mama akaingiwa na hofu. Akaanza kumpa kijiko cha asali na habasoda kila asubuhi kwa ajili ya kumbukumbu, na baba akawa anameza bila ubishi, yeye ambaye hata Panadol unamkimbiza nayo. Miezi minane alikunywa habasoda kwa ugonjwa ambao hakuwa nao.

Wakati huohuo mama alikuwa anafukiza. Chumba cha Sudi kilikuwa kinafukizwa ubani asubuhi na jioni, tukaambiwa ni kwa ajili ya mbu, mara kwa ajili ya husuda. Bibi yetu mzaa mama, ambaye macho yamemwisha ila pua bado anayo, alikuwa amekaa barazani siku moja moshi unapita, akasema, "La kuvunda halina ubani." Hakuna aliyemjibu. Mama alichochea makaa.

Na mimi je? Mwezi wa nne hesabu za duka zilipungua shilingi 40,000. Siku ile Sudi alikuwa amenishikia kaunta wakati naswali alasiri. Nilimwambia tajiri kwamba nimekosea chenji, akanikata kwenye mshahara. Niliumia, lakini niliona afadhali niitwe mzembe mimi kuliko yeye aitwe mwizi.

Ilifichuka Ijumaa moja, mwezi wa nane, baada ya kula. Baba alikuwa na desturi ambayo hatukuijua. Kila Sudi alipoiba spana, alizipeleka kwa muuza vyuma chakavu, na kila alipozipeleka, yule mzee wa vyuma, rafiki wa baba tangu ujana, alizihifadhi pembeni asizipime kwenye mzani, akamtumia baba salamu. Baba anakwenda magharibi na hela, anazikomboa. Alizinunua spana zake mwenyewe, kwa hesabu aliyotupa baadaye, mara kumi na moja. Ijumaa ile mzee wa vyuma alikuwa amesafiri kwenda Lushoto kwenye msiba, akamwachia duka kijana mgeni, maelekezo akampa nusu. Kijana, kwa heshima zote, akazileta nyumbani.

"Shikamoo mzee. Mzigo wako umekuja tena."

Mama alikuwa anakusanya sahani. Akasimama na sahani mkononi. "Tena?"

Baba alizipokea, akazipanga kwenye mkeka moja moja kwa namba zake. Hakusema kitu. Yule kijana akabaki mlangoni hajui aondoke au asubiri hela, mpaka mimi ndiye niliyemlipa. Mama akakaa chini. Nikadhani atalia, kumbe akagusa masikio yake, kwenye matundu matupu, akasema vipuli vyake vya dhahabu havikuazimwa na mama mdogo kama alivyotuambia tangu Ramadhani. Viliondoka. Alijua vilikokwenda. Mimi nikasema kuhusu elfu arobaini. Bibi akauliza kutoka barazani kama na yeye aseme, maana hela zake za sanda alizozifunga kwenye pindo la kanga hazipo.

Watu wanne kwenye nyumba ya vyumba vitatu, kila mmoja alikuwa anajua, na kila mmoja alikuwa anamsitiri mtoto asijulikane na wale wengine watatu. Nimeshafikiria sana juu ya usiku ule. Sisi watu wa pwani tumelelewa kwamba sitara ni nguo, na anayemvua mwenzake nguo ana dhambi kuliko aliye uchi. Mpaka leo siamini kama malezi hayo ni mabaya. Ila Sudi ameniambia jambo lililonikosesha usingizi: alikuwa anaogopa sana siku za mwanzo, akiiba anatetemeka, anasubiri kelele. Kelele haikuja. Spana inarudi mfukoni, choo kinapatiwa dawa, chumba kinanukia ubani. Akaanza kuona labda hakuna kitu kinachotokea. Labda yeye ndiye anayeota.

Usiku ule alirudi saa tano. Alitukuta tumekaa, spana katikati. Alisimama mlangoni, mboni za macho zimekuwa ndogo kama tundu la sindano, anajikuna pua taratibu, na alikuwa anatabasamu. Baba akamwambia, "Kaa, baba." Akakaa. Dakika chache kichwa kikaanza kuinama kidogokidogo mpaka kidevu kikagusa kifua, akasinzia pale mbele yetu. Tulimwangalia tu.

Tulifanya makosa, nayaandika kwa sababu najua kuna nyumba inayafanya leo. Baba mdogo alikuja kutoka Pangani akasema dawa ni kumfungia. Tukamfungia chumbani siku tano. Siku ya pili na ya tatu sitazisimulia zote. Alitapika mpaka nyongo. Miguu ilikuwa inarusha mateke yenyewe, godoro likasogea mpaka ukutani. Aliita kila mtu kwa jina, na bibi akaziba masikio kwa kanga. Mama alikaa nje ya mlango na Yasini yake. Baba alitoa gurudumu la nyuma la baiskeli yake ya Phoenix, akaliweka kwenye uma uani, akawa anakaza spoku usiku kucha. Lile gurudumu lilikuwa limenyooka, halikuwa na kasoro. Analizungusha, analisikiliza, anakaza kidogo, analegeza kidogo. Kila Sudi akipiga kelele, nasikia spoku: ting.

Siku ya sita alitoka amekonda, macho safi, akaomba chai. Mama alichinja kuku. Tukadhani tumemaliza.

Jambo ambalo hatukulijua, na mimi wa duka la dawa ndiye niliyepaswa kulijua, ni kwamba mwili uliokaa bila unga unasahau kuustahimili, lakini hamu haisahau. Kipimo alichokuwa anakitumia mwezi uliopita bila shida sasa kinaweza kumuua. Wiki tatu baadaye alirudia, kiasi kilekile cha zamani. Wenzake wa maskani walimbeba kwa baiskeli, wawili wakimshikilia, wakamlaza kwenye baraza letu, wakapiga hodi na kukimbia. Midomo ilikuwa imebadilika rangi, imekuwa kama zambarau iliyoiva. Anavuta pumzi moja, unasubiri, unasubiri, unasoma shahada, halafu inakuja nyingine.

Kituo cha kwanza tulichofika mhudumu alimtazama akasema, "Teja huyo, atalala ataamka." Sitakitaja. Tulipanda bajaji nyingine. Cha pili daktari alimchoma sindano ya naloksoni, dawa inayozima nguvu ya unga mwilini, na baada ya muda mfupi Sudi alifungua mdomo akavuta hewa kama mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji. Daktari yuleyule alitukalisha mimi na mama kwenye benchi, akatwambia bila kutukaripia kwamba huu ni ugonjwa, una tiba, na kwamba kufungia mtu chumbani peke yake si tiba.

Wale vijana waliomleta kwa baiskeli walikuwa mateja. Wangeweza kumwacha. Mama anawaombea kila swala.

Barabara haikunyooka baada ya hapo. Kulikuwa na nyumba ya kupata nafuu kwa miezi minne, ambayo ilimsaidia na kutumaliza akiba. Kulikuwa na kurudia mara nyingine mbili. Shule aliacha, na sitaki kupaka asali jambo hilo. Alipotimiza miaka 18 mtu mmoja wa asasi, ambaye mwenyewe alitumia zamani na anazijua maskani zote za mji huu, alimwunganisha na kliniki ya methadoni. Tiba hii ilianza nchini mwaka 2011 pale Muhimbili, ikasambaa mikoani mpaka ikafika kwetu, na hailipiwi. Ni dawa ya maji. Anakunywa mara moja kwa siku, dirishani, mbele ya nesi, halafu anaongea neno ili ionekane amemeza. Inazuia arosto siku nzima bila kumlaza kidevu kifuani. Masharti yake ni kwenda kila siku, mvua inyeshe, Idi ifike, mtu afe. Mara moja aliruka siku kadhaa kwa sababu ya ugomvi na mimi, wakalazimika kumpunguzia kipimo na kuanza kupandisha upya. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa chaja ya simu.

Kuna jambo dogo naliona kila ninapomsindikiza. Mtaani wanamwita teja. Dirishani nesi anaita, "Mteja anayefuata." Herufi moja tu imewekwa mbele ya neno, na mdogo wangu ametolewa kwenye ngeli ya magogo na majani akarudishwa kwenye ngeli ya watu.

Kama una wa kwako na hujui pa kuanzia, namba 119 ya ile mamlaka ya kudhibiti dawa za kulevya ni ya bure. Mimi nisingejali kama jirani amesikia nikipiga. Lakini nimechukua muda mrefu kufika hapo, na mama alichukua muda mrefu zaidi.

Ramadhani ya 2024 ndiyo iliyomfikisha. Sudi alikuwa anakunywa dawa asubuhi, kwa hiyo hafungi. Mama alikwenda kwa shekhe, si kwa kujificha baada ya isha kama tulivyozoea, alikwenda mchana. Akaambiwa mgonjwa ana ruhusa, na ambaye ugonjwa wake ni wa muda mrefu atalisha maskini mmoja kwa kila siku aliyokula. Mama akarudi anawaza ni maskini gani. Kesho yake akajaza hotipoti mihogo ya nazi, akaweka samaki wa kukaanga na kachori nne, akanipa nipeleke maskani, kule kwa wale vijana waliomleta Sudi kwa baiskeli. Na kesho yake tena. Mwezi mzima.

Siku ya kama kumi hivi, jirani yetu alikuwa mlangoni anafagia. "Shoga, hotipoti hiyo kila siku inakwenda wapi? Na huyo kijana mbona nasikia hafungi?"

Nilisikia tumbo langu likijikunja. Najua majibu ambayo mama angetoa mwaka mmoja nyuma, ningeweza kukuandikia kumi. Mama alifunga mtandio wake vizuri. Barabara nzima ilikuwa nje, saa ya kutafuta futari.

"Fidia ya Sudi," akasema, kwa sauti yake ya kawaida ya kuulizia bei ya nazi. "Alikuwa anakula unga. Anakunywa dawa ya kuachia, hawezi kufunga."

Jirani alishika ufagio akanyamaza. Kisha akaingia ndani, akatoka na sahani ya tende, akaiweka juu ya hotipoti. Mwaka huu yeye ndiye aliyetuuliza ile kliniki inafunguliwa saa ngapi. Sikumuuliza ni kwa ajili ya nani.

Sudi sasa anakaa kibandani na baba. Mikono yake haina haraka, anajua kuziba pancha na kunyoosha rimu, ila goroli bado zinamponyoka. Spana zote zipo. Zamani baba alizihesabu kimoyomoyo wakati anazikunja. Siku hizi anazihesabu kwa sauti, kila magharibi, Sudi akiwa palepale, na hakuna anayejifanya hajui kwa nini. Mwanzoni nilidhani ni ukatili. Nilimwambia baba, akanijibu kwamba mtoto mwenyewe ndiye aliyeomba.

Juzi nilipita kuwapelekea chai. Baba alikuwa anakunja kitambaa, kikohozi kikamshika kwenye kumi. Sudi alikuwa ameinamia gurudumu, hakuinua kichwa.

"Kumi na moja," akamalizia. "Kumi na mbili."